Majani ya Nyumbani: Mubirizi, mboga chungu na dawa yenye mpaka

  Mwezi huu katika ukurasa wetu tumechagua mti mdogo ambao wakubwa wote wanaujua na ambao hakuna mtoto hata mmoja anayeupenda: mubirizi.

Ukitaja tu jina lake, uso wa mtu unakunjamana palepale. Uchungu wake si kama wa intore tunazonunua sokoni. Ukitafuna jani moja asubuhi, hata chai ya saa nne utaisikia chungu. Ndiyo maana wazee wetu walipotaka kumwachisha mtoto ziwa, wengine walimpaka mama majani yake, na kazi ikaisha siku hiyohiyo.

Warundi wanauita umubirizi, Wanyarwanda vilevile, na huko Bushi jina ni karibu hilohilo. Waganda wanasema mululuza. Ukifika Nigeria, Wayoruba wanauita ewuro na Waigbo onugbu. Katika vitabu vya mimea utaukuta kwa jina la Vernonia amygdalina, na siku hizi wataalamu wamelibadilisha kuwa Gymnanthemum amygdalinum, lakini wengi wao bado wanatumia lile la zamani. Sisi tutabaki na mubirizi.

Kwa vijana waliozaliwa mjini au kambini na hawajaonyeshwa: ni mti wa kichaka. Ukiachwa unapita kimo cha mtu mara mbili na zaidi, lakini kwenye uzio watu wanaukata ukabaki kifuani. Majani yake ni ya kijani, marefu kama kiganja pamoja na vidole, yenye meno madogo pembeni. Ganda la shina ni la kijivu na linapasukapasuka. Maua ni madogo, meupe, yanakuja kwa mafungu, na nyuki wanayapenda sana. Ni wa ukoo mmoja na alizeti, ingawa ukiyaangalia hayo mawili huwezi kuamini. Na msijaribu kuutambua kwa kuonja kila jani chungu mnalokutana nalo, maana sumu nyingi nazo ni chungu. Mwombe mtu mzima anayeujua akuonyeshe.

Sokwe aliyeitwa Chausiku

Kabla ya kufika jikoni, tunawaletea habari moja ya kweli. Imetokea pembeni ya ziwa letu hilihili.

Tanganyika tunayoiona kutoka Kajaga inashuka kusini mpaka Zambia. Upande wa mashariki, kusini ya Kigoma, karibu kutazamana na Kalemie, kuna milima inayoitwa Mahale. Ni hifadhi ya taifa ya Tanzania tangu 1985, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani walianza kuwafuata sokwe wa huko mwaka 1965. Mwezi wa Novemba 1987, mtafiti Michael Huffman alikuwa msituni pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde. Huyu Kalunde ni Mtongwe, mwenyeji wa milima hiyo, mtu aliyeijua misitu na aliyezijua dawa za kwao.

Walikuwa wanamfuata sokwe jike aliyepewa jina la Chausiku. Siku ile Chausiku hakuwa mzima. Alikuwa analala mchana, hana hamu ya kula, wenzake wakitembea yeye anabaki nyuma. Mara akaenda kwenye kichaka kimoja, akavunja tawi changa, akaondoa majani, akamenya ganda kwa meno, halafu akaanza kutafuna ule moyo wa ndani. Alikuwa ananyonya maji yake na kutema nyuzinyuzi. Huffman alishangaa, kwa sababu hicho si chakula chao cha kila siku. Kalunde akamweleza kwamba kwa Watongwe mti huo unaitwa mjonso, na ni dawa kali ya tumbo, ya minyoo na ya homa. Ndio mubirizi wetu huu.

Siku iliyofuata Chausiku alianza kurudia nguvu, akala kama kawaida yake. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1989, na walioiandika ni wawili: Huffman na Kalunde. Tunalisema hilo kwa makusudi, juu mara nyingi jina la mwenyeji anayejua linapotea, linabaki la mgeni aliyeuliza.

Baadaye watafiti walimfuata sokwe mwingine mgonjwa aliyetafuna mubirizi, wakapima kinyesi chake. Kabla ya dawa, kila gramu ilikuwa na mayai ya minyoo 130. Baada ya saa 20 yalikuwa 15. Pia waliona kwamba sokwe wanautafuna zaidi wakati wa mvua, na wakati wa mvua ndio minyoo hiyo inazidi.

Na si sokwe tu. Kalunde alisimulia kwamba babu yake aliijua dawa nyingine, inayoitwa mulengelele, kwa kumwangalia nungunungu mgonjwa aliyekuwa anachimba na kula mizizi yake. Watu wa kijiji walipopata ugonjwa wa kuhara vibaya, mzee akaikumbuka mizizi ile, akaijaribu. Mpaka leo Watongwe wanaitumia. Wazee wetu nao hawakupata ujuzi wao kwa ndoto tu, waliangalia wanyama, mbuzi, ng'ombe, hata kuku.

Sasa turudi kwa Chausiku, kwa sababu ndani ya kitendo chake kuna jambo ambalo wengi wetu tunalipita. Yule sokwe hakula majani. Hakula ganda. Alichukua moyo wa tawi tu, kidogo, kisha akaacha. Wataalamu wa Japani walipoupima mti huu maabara, walikuta kwamba majani na ganda ndiyo yenye sumu kali zaidi, na ule moyo wa ndani unayo kidogo sana lakini bado una vitu vinavyopigana na minyoo. Mnyama anajua sehemu gani na kiasi gani. Sisi binadamu je? Tunachemsha sufuria nzima ya majani mpaka maji yawe meusi, tunamshika mtoto pua, tunammiminia kikombe.

Mubirizi kama mboga

Hapa Burundi na ng'ambo kule Kivu ya Kusini, mubirizi unajulikana zaidi kama dawa ya watu na ya mifugo. Wafugaji wanawapa ng'ombe na mbuzi wenye minyoo. Ukimwambia mtu wa Sange au wa Kiliba kwamba leo utampikia mubirizi, atafikiri umemkasirikia. Lakini Afrika ya magharibi ni mboga ya heshima. Nchini Kameruni kuna chakula kinachoitwa ndolé, kinapikwa kwa majani haya au ya ndugu zake, pamoja na karanga na nyama au kamba. Ni chakula cha sherehe, na wageni wa nchi wanapewa hicho. Waigbo wa Nigeria wana mchuzi wao wa onugbu. Watu wa huko walioko Ulaya wanauagiza ukiwa umekaushwa na wanaulipia vizuri. Kumbe sisi tunaupita kwenye uzio kila siku tukienda kuchota maji, huku tukilalamika kwamba hakuna mboga.

Siri yao ni kuosha tu. Uchungu wa mubirizi unatoka na maji, ukiwa na subira.

Tunawapa njia ambayo akina mama wa hapa wamejaribu na watoto wakakubali kula. Chuma majani machanga, yale ya juu, asubuhi jua likishatoka. Yakikomaa uchungu unazidi na yanakuwa magumu. Ondoa vijiti. Osha kwanza vumbi kwa maji safi. Katakata nyembamba kama unavyokata sombe kama huna kinu. Weka kwenye beseni, nyunyiza chumvi kiganja kidogo, halafu sugua kwa mikono miwili kama unafua nguo. Utaona povu la kijani linatoka. Povu lile ndilo uchungu wenyewe, mwaga. Tia maji mengine, sugua tena, kamua, mwaga. Mara ya tatu au ya nne povu linapungua. Onja kipande. Kama bado kinakuuma ulimi, endelea. Wengine wanachemsha dakika kumi hivi, wanamwaga yale maji, ndipo wanasugua. Njia hiyo ni ya haraka lakini inakula makaa.

Maji ya kuoshea yasitumike kwa kitu kingine chochote jikoni, na yasiachwe kwenye beseni mahali watoto wanacheza.

Ikishakuwa tayari, mboga hiyo inataka mafuta na kitu kizito. Kaanga kitunguu kwa mafuta ya mawese, tia nyanya, tia ndagala kavu zilizooshwa mchanga, acha zishikane. Weka majani, koroga. Mwishoni tia karanga zilizotwangwa na kukorogwa na maji kidogo, funika, moto uwe mdogo, mpaka mafuta yapande juu. Uchungu kidogo unabaki, na ndio utamu wake. Ugali wa muhogo unaushika vizuri kuliko wali. Kama huna karanga, changanya nusu mubirizi nusu lengalenga. Kwa mara ya kwanza tunashauri hata robo tu iwe mubirizi, watoto wazoee kwanza.

Faida yake chakulani ni ile ya majani ya kijani yote: yana protini kiasi, chuma na kalisi. Tusidanganyane, kuosha sana kunaondoa sehemu ya vitamini. Lakini kwa jamaa inayokula maharagwe na unga mwezi mzima, jani la kijani mara mbili kwa juma si kitu kidogo, hasa kwa mama anayenyonyesha.

Mahali dawa inapoishia

Hapa tunaomba tusomwe polepole.

Karibu kila nyumba tunayoijua ina habari ya mubirizi na malaria. Bibi alikuwa anausugua kwenye maji, mtu anakunywa, anatoka jasho, kesho anaamka. Habari hizo si uongo. Watu wameamka kweli. Swali ni kwamba waliamka na nini ndani ya damu yao.

Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti juu ya wagonjwa wa malaria isiyo kali waliopewa maji ya majani mabichi ya mubirizi, wakafuatwa kwa siku na damu yao kupimwa. Siku ya 14, wagonjwa 67 kati ya kila 100 walikuwa na hali nzuri. Ukiishia hapo utapiga vigelegele. Lakini damu ilisema jambo lingine. Kati ya hao waliokuwa na hali nzuri, ni 32 tu kwa kila 100 ambao vidudu vya malaria vilikuwa vimekwisha kabisa. Na hata kati ya hao 32, wengi, yaani 71 kwa kila 100, malaria iliwarudia. Walioandika utafiti huo hawakuona madhara makubwa ya dawa hiyo. Sumu haikuwa shida yao. Waliona kwamba homa inashuka, mgonjwa anacheka, na vidudu vimejificha vikisubiri.

Kwa mtu mzima aliyezaliwa kwenye mbu na amepata malaria mara nyingi, pengine mwili wake utamalizia kazi. Mtoto wa miaka miwili hana nguvu hiyo. Vilevile mtu aliyetoka milimani, Minembwe au huko Itombwe juu, akaja kukaa huku bondeni kwenye joto na maji yanayotuama, mwili wake haujazoea malaria ya ziwani.

Mwaka mmoja wakati wa mvua kubwa, bibi mmoja kati yetu alikuwa na mjukuu wa miaka minne mwenye homa. Alimpa mubirizi siku tatu, kidogo kidogo, kama alivyofundishwa na mama yake. Siku ya pili homa ilishuka, mtoto akaomba uji. Jamaa wote wakashukuru. Siku ya tano usiku mtoto akaanza degedege. Alibebwa kwa baiskeli mpaka kituo cha afya, akachomwa sindano na kuongezewa damu, na Mungu akasaidia akapona. Bibi yule hakuwa mzembe, na tunamheshimu. Kilichompoteza ni ile siku ya pili, siku mtoto alipoomba uji.

Kwa hiyo, ndugu zetu, mtoto akipata homa apelekwe kupimwa siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi, hata kama amekunywa mubirizi na anaonekana afadhali. Mwambieni muganga ukweli kwamba alikunywa, msiogope kugombezwa. Wengine wanaficha, na hilo linamfanya muganga afikiri homa imeanza leo kumbe ina siku nne. Akipewa vidonge, avimalize vyote hata kama amechangamka siku ya pili. Na kama mtoto anatapika kila kitu, hawezi kunyonya wala kunywa, anapumua kwa haraka, viganja vimekuwa vyeupe, amelegea haamki vizuri au amepata degedege, hapo si saa ya kusugua majani. Beba, nenda, hata kama ni usiku.

Burundi ilitangaza mwaka 2006 kwamba watoto wa chini ya miaka 5 na akina mama wa kujifungua wanatibiwa bure katika vituo vya serikali. Ulizeni kwenye kituo kilicho karibu na ninyi wanapokea kwa karatasi gani, na ulizeni mapema, kabla homa haijaja. Kutafuta karatasi saa nane za usiku mtoto akiwa mgongoni ni mateso.

Kuna wanaotuambia: basi mnadharau dawa za miti, mmekuwa wazungu. Hapana. Kinini yenyewe ni ganda la mti. Wanaotoka Bukavu wanaikumbuka Pharmakina na mashamba ya mikwinini ya Kivu. Magome yaliyochunwa pale ndiyo yaliyotoa kinini. Dawa za malaria tunazopewa leo kituoni, zile za artemisinini, zilitoka kwenye mmea wa Uchina ambao watu wa kule waliutumia kwa homa tangu zamani sana, na mama aliyeitoa dawa hiyo ndani ya mmea, Tu Youyou, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Tofauti ni kwamba dawa hizo zilipimwa: kila kidonge kina kiasi kinachojulikana, na damu ya mgonjwa ilichunguzwa siku nyingi. Jani la mubirizi la uzio wa jirani na jani la mubirizi wa Gatumba hayana nguvu sawa, na la mvua halifanani na la kiangazi.

Nani asiunywe

Mama mwenye mimba asinywe maji ya mubirizi. Huko Uganda wakunga wa jadi waliutumia kuharakisha uchungu wa kuzaa, na majaribio kwa wanyama yameonyesha kwamba kweli unaweza kukaza tumbo la uzazi. Kinachosaidia siku ya kujifungua kinaweza kutoa mimba ya miezi minne.

Mwenye sukari anayetumia vidonge au sindano naye aangalie. Majaribio kwa wanyama yameonyesha mubirizi unashusha sukari, na ukijumlisha na dawa inaweza kushuka mpaka mtu azimie. Kwanza aongee na muganga wake.

Watoto wadogo wa chini ya miaka mitano, sisi tunashauri wasipewe maji yake kabisa. Minyoo ya watoto ina dawa ya kidonge kimoja ambayo inatolewa bure kwenye kampeni za afya.

Kwa mtu mzima ambaye tumbo limejaa, hana hamu ya kula, wazee wetu wanasugua majani machache kwenye maji, wanakunywa funda mbili tatu, basi. Hatuna ugomvi na hilo. Vijiti vyake vya kupigia mswaki pia ni vizuri, na kwa shilingi sifuri.

Kuchuma hapa Kajaga

Wengi mmetuuliza mtaupata wapi. Mingi iko kwenye nyuzi za watu. Uzio una mwenyewe, hata kama matawi yametoka njiani. Piga hodi, msalimu mwenyeji kwa Kirundi, mwombe. Warundi wengi watakupa bila neno, tena watakueleza wanavyoutumia wao. Lakini ukikata kimya kimya asubuhi ya kwanza, asubuhi ya pili utaitwa mwizi, na sifa hiyo itatuangukia wakimbizi wote. Ndani ya hifadhi ya Rusizi hairuhusiwi kukata kitu. Msitume watoto huko.

Msiende kuchuma karibu na ufuko wala pembeni ya mto kabla jua halijatoka au likishazama. Viboko wanatoka majini usiku kula majani, na asubuhi wanarudi kwa njia zao. Kiboko akikukuta katikati yake na maji hakuulizi kitu.

Tangu ziwa lilipoanza kupanda miaka ile ya karibu na 2020, sehemu za Gatumba na za huku Kajaga zimeingiliwa na maji mara kadhaa, na vyoo vikajaa. Majani yaliyofunikwa na maji hayo yaacheni. Majani ya pembeni ya mashamba ya mpunga nayo muulize kwanza mwenye shamba kama amepiga dawa ya wadudu juma hilo.

Njia nzuri kuliko zote ni kupanda wa kwenu. Mubirizi hauhitaji mbegu. Kata kijiti kilichokomaa, kinene kama kidole gumba, kirefu kama mkono kutoka kiwiko mpaka kiganja. Ondoa majani yote. Choma ardhini kikiwa kimelala kidogo, nusu ndani nusu nje, mwanzoni mwa mvua. Mwagia maji ya kuogea yasiyo na sabuni nyingi. Vikiota, kata juu mara kwa mara ili matawi machanga yatoke, ndiyo ya mboga.  Kama mnakaa kwenye kiwanja cha kupanga, ongeeni na mwenye lupango kwanza. Uzio hai haumgharimu kitu, na wengi wanakubali.

Maswali mliyotuletea

Mama mmoja ameuliza kama anaweza kukausha majani akayaweka. Anaweza. Ayaoshe na kuyasugua kwanza mpaka uchungu upungue, ayakamue, ayaanike kivulini kwenye mkeka safi mpaka yavunjike mkononi, ayafunge kwenye mfuko mkavu. Yakianikwa juani yanageuka rangi na kupoteza ladha.

Kijana mmoja anasema rafiki yake anakunywa mubirizi kila jioni baada ya pombe, eti unasafisha ini. Mwambie rafiki yako apumzishe vyote viwili.

Na babu mmoja, ambaye tunamsalimu sana, ametuuliza kwa nini hatukuandika kipimo cha mubirizi kwa malaria, kwa sababu yeye anacho kutoka kwa baba yake. Babu, tumesikia. Tunaomba uje utuambie jinsi baba yako alivyoutumia: sehemu gani ya mti, wakati gani, na alimkataza nani. Tutayaandika maneno yako kwa heshima, na jina lako ukipenda. Lakini mjukuu akiwa na homa, twende naye kupima kwanza.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya ukwaju. Wenye mapishi ya uji wa ukwaju watuletee kabla ya tarehe 20, yakiandikwa kwa Kiswahili, Kirundi, Kibembe, Kifuliiru, lugha yoyote, tutapata wa kutafsiri.